Kishikwambi cha Mwalishi

Likoni nzima ilimjua kwa hodi yake. Alikuwa akipiga moja, ananyamaza, anarekebisha ushungi, kisha anapiga ya pili kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza. Ya tatu hakuipiga. Kama hakuna aliyeitika aliondoka, akarudi kesho yake saa ileile. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini asipige tatu kama watu wengine, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Ya tatu ni ya polisi," akasema.

Tulimwita Mwalishi. Jina alilopewa na wazazi wake sitalitia hapa, maana nimelichafua vya kutosha. Kwa asiyezijua desturi zetu, mwalishi ni mwanamke anayetumwa na mwenye arusi kuwaalika wanawake wenziwe, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yake na kwa mdomo wake. Kadi za arusi zilikuwepo tangu zamani, lakini hizo zilikuwa za wanaume, za maofisini, na za marafiki wa bara ambao wakikosa kadi hununa. Mwanamke wa Likoni ukimpelekea kadi aliipokea vizuri, akayasifu maua yake, akaichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo, na siku ya arusi akashinda kwake akichambua mchele. Ukimuuliza, alikwambia hakualikwa. Wala hakuwa akikufanyia inda, ndivyo alivyoamini.

Basi kazi yote ilikuwa juu ya Mwalishi. Akishakaribishwa ndani, akasalimiana kirefu, akaulizia wagonjwa wa nyumba hiyo na waliosafiri, ndipo alipoweka mikono miwili mapajani na kutoa ujumbe. "Mama Fulani akusalimu salamu nyingi. Ana shughuli yake Jumamosi, baada ya alasiri. Akuomba uje umstiri." Hilo la kustiri ndilo lililokuwa neno zito. Mwenye arusi kwetu huhesabiwa kuwa yu uchi mpaka watu waje wamfunike, na wasipokuja, wakwe ndio watakaouona uchi wake. Mwalishi akishatoa ujumbe alikaa akingoja jibu, na "inshallah" tupu hakuipokea. "Inshallah ya kuja au ya kunitoa mlangoni?" aliuliza, na mwanamke wa watu akacheka, akasema ya kuja, na siku ikifika alikuja kweli.

Hakuwa na daftari. Mama yangu, aliyemtuma mara nyingi kwa arusi za ukoo wetu, alijaribu siku moja kumwandikia majina kwenye karatasi. Mwalishi aliikunja, akamrudishia. "Ukiandika, utamsahau ambaye hukumwandika," alisema. Alikuwa akiwakumbuka watu kwa vichochoro. Alianzia msikitini, akateremka upande wa Shelly, akapanda tena kwa nyuma ya soko, na katika kila kichochoro alijua mlango upi uanze kwa sababu ya umri na upi ufuate kwa sababu ya damu. Alijua nani amehama, nani ameachwa, nani amerudiwa. Wajane waliokuwa edani aliwapitia pia, akaketi nao, akawapa pole, akala kipande cha muhogo walichompa, na akaondoka bila kutaja arusi hata kwa fumbo. Wakimaliza eda walikuwa wakimkumbuka kwa hilo.

Miguu yake ilikuwa na taratibu zake. Njiani alivaa slipa za mpira, na kikapuni alibeba makubadhi ya ngozi yaliyopakwa mafuta. Zikibaki hatua chache kabla ya mlango alijibanza kwenye kona, akabadilisha, slipa zikaingia kikapuni, na mwenye nyumba akamwona na miguu isiyo hata chembe ya vumbi. Siku moja nilimwona akifanya hivyo mara nne katika kichochoro kimoja, nikamwambia anajitesa bure. "Miguu hii si yangu," alinijibu. "Ni ya mamako. Mie nimetumwa tu."

Usidhani alikuwa walii. Alikuwa mwongo wa kazi, tena hodari. Kulikuwa na mawifi wawili nyuma ya soko waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya ukuta, na kila mmoja alikuwa tayari kususia arusi yoyote ambayo mwenziwe kaalikwa mbele yake. Mwalishi aliingia kwa mmoja asubuhi na kwa wa pili adhuhuri, na wote wawili akawaambia, "Nimeanzia kwako." Walikuja wote, wakakaa pande mbili za ukumbi, kila mmoja akimwangalia mwenziwe kwa huruma.

Ulimi wake ulikuwa mkali vilevile. Maharusi hakuwapenda, alisema bibi arusi leo humlilia mama, na mwezi ujao hulilia mapazia. Waimbaji aliwaita wapiga kelele wa kulipwa. Sisi wasichana wa kusoma alitwambia tunajua kila kitu ila kuketi. Na jambo ambalo mpaka leo sijalielewa ni kwamba mtu huyu aliyewaita wenziwe kwenda kula, mwenyewe hakula arusini hata siku moja. Alikaa karibu na mlango akiwaangalia wanaoingia, midomo ikimcheza, anawapitia kichwani kichochoro kwa kichochoro. Wakishatimia alinyanyuka, akajifunga buibui, akaenda zake. Sahani yake ya pilau tulimpelekea nyumbani, na nina hakika alimpa jirani.

Miaka ikayala magoti yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko Changamwe, kila siku navuka feri kwenda na kurudi, na nilikuwa nimejiona nimeerevuka. Nikijikumbuka nilivyokuwa, natamani kujizaba kofi. Nilikuwa na simu mbili. Nilikuwa nikiwarekebisha watu wazima maneno yao. Desturi zetu nilizipenda, lakini nilizipenda kwa namna ya mtu anayetaka kuzifanyia ukarabati.

Kisha mdogo wangu akaposwa na kijana wa Kisauni anayefanya kazi melini. Arusi ilikuwa iwe baada ya mwezi wa mfungo, na kila mtu akawa ametulia. Ghafla kijana akaitwa kazini mapema, na siku zikabaki tisa. Mama akamtuma Mwalishi kama kawaida. Mwalishi akaja kwetu akichechemea, akakaa kwenye kiti badala ya mkeka, na hapo ndipo nilipojua kuwa magoti yamekwisha kabisa, maana hakuwa mtu wa kukaa kitini mbele ya mama yangu. Siku tisa, magoti yale, na Likoni yote mpaka Mtongwe. Nikaona hapa ndipo pangu.

Nilimnunulia kishikwambi. Si vile vikubwa vya shuleni. Kilikuwa kile kidogo cha kutia mfukoni, kinachozidi simu kwa upana wa vidole viwili. Nikakitia laini na intaneti, nikampelekea kwake siku ileile baada ya alasiri.

Alikipokea kwa mikono miwili. Kwanza alikipima uzito kiganjani, kisha akakinusa. Akakigeuza nyuma, akapapasa kwa kidole gumba, akaniuliza kinafunguliwa wapi. Nilimwambia hakifunguliwi. "Kitu kisichofunguka hujui kina nini," alisema. Nikakiwasha. Kilipotoa mwanga akakisogeza mbali na uso na kukunja macho, halafu akakivuta karibu polepole, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona chajua saa?" akauliza.

Nikamwonyesha Maka, watu wakitufu muda uleule. Akataka kujua kama na wao wanamwona yeye. Nikamwambia la. Hata hivyo alijiketisha vizuri, akafunika kifundo cha mguu kilichokuwa wazi. Nikamwonyesha kamera ya mbele, akajiona uso mzima. Akarekebisha ushungi. "Kumbe nimezeeka hivi," alisema, "na nyote mwaninyamazia." Mimi nilicheka, na ile sura yake iliyoshtuka nikaipiga picha.

Nilimfundisha kugusa. Vidole vyake vilikuwa vikavu na kioo hakikuwa kikimsikia. Alikuwa akibonyeza mpaka kucha inageuka nyeupe. Nikamwambia si kubonyeza, ni kugusa tu, kama unavyomgusa mtoto mchanga aliyelala. Akaweza. Akawa anazipeleka picha kushoto na kulia, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikukitarajia. Ilikuwa tamaa. Huyu aliyekataa kipande cha karatasi cha mama yangu alikishika kile kitu saa nzima. Akataka kuona Unguja. Akataka kuona Waturuki wanavyopika wali, akasema wanauonea. Adhana ya magharibi ilimkuta bado amekiinamia, akakizima kwa haya, kama mtu aliyekutwa akidokoa chunguni.

Ila alikuwa na neno moja. Nilipomweleza kwamba kwa kitu hiki atawaalika wanawake wote bila kutoka kitandani, aliniuliza kinapigaje hodi. Nikamwambia hakipigi, ujumbe unaingia tu.

"Hata mtu akiwa msalani?"

"Hata akiwa msalani, Bibi."

Alikiweka juu ya mkeka, akakitazama. "Hakina adabu," akasema. "Lakini kina akili." Na akakichukua tena.

Kesho yake nikaandika ujumbe. Mimi, kwa vidole vyangu. Nilitia maua pembeni, njiwa wawili, ngoma ikilia, siku na saa, na karibuni nyote. Majina aliyokuwa nayo kichwani akanitolea mojamoja, nami nikatafuta namba kwa mashangazi na kwa mabinti wa watu, bila kusema ni za nini, nikawatia wote katika kundi moja. Juu ya ujumbe likatokea jina lake na ile picha aliyojiona nayo mzee. Alinisihi mambo mawili. La kwanza, nimwache aende kwa miguu angalau kwa wale wazee kumi wa mwanzo, wengine wakisikia watafuata. La pili, kulikuwa na mjane karibu na msikiti ambaye mumewe alikuwa na wiki mbili tu kaburini, nisimtie. La kwanza nilimkatalia, nikamwambia magoti yake ni amana. La pili nilimkubalia, na nikasahau. Nilikuwa na mzigo wa mteja umekwama bandarini, simu moja sikioni, na namba ya yule mjane ikaingia pamoja na za wenziwe.

Zile alama mbili za buluu zikaanza kutokea, nikamwonyesha kwa furaha. "Unaona, Bibi? Huyu ameona. Huyu naye ameona. Wameona wote."

"Wamesemaje?"

"Wameona."

"Nimesikia. Wamesemaje?"

Wengine walikuwa wameweka viganja vinavyopiga makofi, wengine mioyo myekundu. Nikamwambia hayo ndiyo majibu ya siku hizi. Alitaka kumuuliza mmojammoja kama atakuja, nikamwambia atawachosha watu. Siku zilizobaki zikapita yeye amekaa kwake, mguu ameunyosha, kishikwambi mapajani, akinitii mimi.

Siku ya arusi wanawake wa kiumeni walikuja kutoka Kisauni mabasi mawili, wamefukizwa udi, wanapiga vigelegele tangu njia panda. Wakaingia chini ya turubai na upande wao ukajaa mpaka wakabanana. Upande wetu walikuwa shangazi zangu, majirani wa ukuta kwa ukuta, na wenzangu wa ofisini waliokuja na sketi za kazi. Iliyobaki ilikuwa mikeka mipya, safu kwa safu, haina mtu. Pilau lilikuwa masufuria saba. Mmoja wa wakwe, mwanamke mnene mwenye dhahabu mikono miwili, akamwinamia mwenziwe akasema, wala hakujitahidi kunong'ona, "Kumbe hawana watu."

Nimesikia matusi mengi pale bandarini, na yote nimeyasahau. Hilo la kukosa watu sijalisahau. Mdogo wangu alikuwa ndani ameshapambwa, hina haijakauka sawasawa, anasikia vigelegele vya upande mmoja tu.

Mwalishi alikuwa mlangoni, pahali pake pa siku zote, na midomo yake haikuwa ikicheza. Shangazi yangu mmoja alikuwa ametoka mtaani na habari. Wanawake wamo majumbani mwao, wengi wamekoga na kuvaa nguo zao za arusi, wanangoja hodi mpaka dakika ya mwisho. Na yule mjane ameletewa ngoma na njiwa ndani ya eda yake, akalia hadharani, na upande wote wa msikiti umeapa kutokanyaga kwetu. Mama yangu alikuwa mpole miaka yote. Siku ile alitoka uani na mwiko mkononi, akasimama mbele ya wakwe.

"Nilikutuma kwa miguu yako," alimwambia Mwalishi. "Nilikutuma kwa mdomo wako. Wewe ukawapelekea watu mapicha? Na mjane ukampelekea ngoma? N'nani aliyekufunza haya?"

Mwalishi aligeuza shingo akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilikuwa nimeshika chetezo, hatua nne kutoka kwake. Hakunionyesha kidole. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wenye nyumba akishatoa ujumbe, ananingoja nijibu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: ni mimi, Mama. Niliinama nikapuliza makaa. Nikatia udi, nikapuliza tena, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshamgeukia mama.

"Nimekosa mie," alisema. "Ni uvivu wa miguu."

Akatoka. Watu walimpisha, hakuna aliyemsindikiza.

Nimejitafutia sababu miaka yote hii. Nimejiambia kuwa wakwe walikuwa wanatazama, na mimi ni mtoto wa nyumba, na aibu ikinigeukia ingekuwa imeifika nyumba yetu mara mbili. Nimejiambia kwamba yeye alikuwa mtu mzima, angeweza kusema mwenyewe. Uongo mtupu. Niliona haya kuonekana mjinga mbele ya watu wa Kisauni, mimi msomi, mimi wa simu mbili. Ni hilo tu, na halinipendezi kuliandika.

Hakuna aliyemtuma tena. Hawakumtukana wala kumsuta. Waliacha tu kumtuma, na kwa mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa ya watu, huo ndio ulikuwa mwisho. Alikuwa akipita akapiga hodi yake kuja kusalimu, na wenye nyumba wakachelewa kuitika. Kwa mama yangu hakuja kabisa, na mama hakuwahi kumtaja ila kwa kusema, "Yule aliyeniaibisha." Nami nilikuwa nikiyasikia hayo nikiwa nakula chakula chake. Kishikwambi alinirudishia kwa mkono wa jirani, kimefungwa kwenye leso iliyofuliwa, waya umekunjwa vizuri. Nilikitumia mwenyewe miaka miwili, kusomea barua za kazini.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba leo mwaliko wote ni wa simu. Wanawake walewale. Yule mjane mwenyewe mwezi uliopita alinitumia arusi ya mjukuu wake, maua, njiwa, ngoma, na jina langu limekosewa. Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa nusu na hakuna aliyeona ajabu. Watu walikula, wakajipiga picha, wakaondoka. Mwalishi aliadhibiwa kwa kosa ambalo sasa ndiyo desturi, na hata hilo kosa halikuwa lake.

Nilimwona mwaka huu, Chaani. Magoti yalipomshinda kabisa, mpwa wake alimchukua akakae naye huko, chumba kimoja chenye pazia, mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwetu. Miaka mitatu nimekuwa nikipita Magongo, hapo jirani, kila siku na sikujua alipo, au tuseme sikuuliza. Mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Machakos anayepanga nyumba ileile, ndiye aliyenitajia bibi wa Likoni anayekaa nao, mwenye maneno yake, ambaye wapangaji wote humwamkia kabla ya kwenda kazini. Nilijua ni yeye kabla hajamaliza kusema.

Nilikwenda saa ya chakula cha mchana. Nilimkuta ameketi kitandani, tasbihi mkononi, amepungua mwili lakini ushungi umenyooka. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ileile. Aliniulizia mama. Aliniulizia mdogo wangu na mume wake wa melini na watoto wao kwa majina, na hao watoto hajawaona hata siku moja. Akamwita mpwa wake aniletee maji. Kila anachotendewa mgeni alinitendea, na kila kimoja kilinichoma.

Nikasema nilichokwenda kusema. Nilikuwa nimekipanga tangu feri ya asubuhi. Kwamba ujumbe niliuandika mimi, mjane nilimsahau mimi, na siku ile nilimwacha peke yake. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, maana yale machozi yalikuwa yanamwomba anibembeleze. Hakunibembeleza. Alingoja yakauke.

"Kile kitu sikukulaumu nacho," alisema. "Nalikipenda, wallahi. Nalikuwa nimechoka kutembea, mwanangu, na nilitaka kifae. Hapo tumekosa sote wawili, wewe kwa ujana na mie kwa magoti."

"Na kule kunyamaza, Bibi?"

"Huko ni kwako pekeyo."

Nikamwambia niko tayari kwenda Likoni nyumba kwa nyumba, nimsafishe kwa kila mwanamke. Akaanza kunitajia hizo nyumba, kwa sauti ya kawaida, anateremka mtaa macho ameyafumba. Huyu kafa mwaka juzi. Huyu kafa. Huyu kapooza, hamtambui mtu. Huyu kachukuliwa na mwanawe Mtwapa. Huyu kafa. Mawifi wa ukuta nao wamefuatana, mmoja mwezi wa mfungo mosi, wa pili mwezi wa mfungo tatu. Alipofika upande wa Shelly aliacha, akafumbua macho.

"Wamekufa wakijua kuwa mie mvivu," alisema. "Sasa utamwambia nani?"

Nikachukua maji niliyoletewa, nikanywa.

"Mamako yuko hai," akasema.

"Yuko, alhamdulillahi."

"Amesikia kwako haya?"

"Bado, Bibi."

Alizitembeza punje za tasbihi kitambo. "Basi umekosea nyumba, mwanangu," alisema. "Mie nimekusamehe, hapa na mbele ya Mola. Nami najua nilivyokuwa, sihitaji kuambiwa. Jina langu liko kwa mamako. Yeye ndiye aliyenituma, na yeye ndiye mtu wa mwisho wa kunielezea nikifa. Nenda ukamwambie, nisife nalo liko huko."

"Nitamwambia leo," nilisema, na nilikuwa nakusudia.

Sikurudi ofisini. Nilikwenda moja kwa moja Likoni, na njia nzima nilikuwa nayarudia yale maneno matatu niliyoshindwa nayo siku ya arusi. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele. Siku hizi haoni vizuri; anaupepeta kwa mazoea, na sisi tunauchambua tena akishalala. Alifurahi kuniona mapema. Akaweka ungo chini, akanivuta karibu kwa mkono, akanikazia macho yake mabovu.

"Mbona macho yako mekundu?" aliniuliza. "Umetoka wapi?"

"Kazini, Mama," nilisema. "Ni vumbi la Magongo."

Akaniambia nikanawe kabla halijaniumiza. Nikaenda nikanawa.